Namba Nne Kutoka Lweba

Baraka, tarehe 9 Oktoba 2023

Mwanangu Wilfried,

Kosa wanalolifanya watu wengi wanaponunua mbao ni kuuliza jina la mti na kuishia hapo. Wakisikia "muvula" wanainamisha vichwa kana kwamba wametajiwa askofu, na hawaulizi neno jingine. Lakini mti una nje na ndani, una utoto na uzee, na una siku ulipoangushwa. Jina halikuambii hata kimoja katika hivyo. Nimeanza na hayo kwa sababu nikianza na salamu nitayasahau. Sasa tusalimiane.

Hapa Baraka hatujambo. Goti langu la kushoto linatabiri mvua kuliko redio. Baba yako, mdogo wangu Henri, yuko Nundu na kanisa lake; ni mzima, na mahubiri yake bado yanapita saa ya chakula. Ziwa limepanda tena. Jirani yangu Mahmudu, mwenye mashua, amehamishia injini zake mbili chumbani, na mke wake anatangaza njia nzima kwamba ameletewa wake wenza wa chuma wanaonuka mafuta.

Wapo hapa wanaoniuliza kama kweli mtu anakwenda chuo kikuu kusomea mbao na matofali. Huwa nawajibu kwamba hata daktari anasomea mwili, na mwili kila mtu anao. Basi usione haya. Umeniomba vipande vya mbao zilizotumika kwetu, kwa ajili ya memwari yako ya kumaliza masomo, pamoja na umri wa kila kimoja. Mahmudu atavifikisha Uvira kwa mashua, na kutoka pale dereva mmoja atavipandisha hadi Bukavu pamoja na barua hii. Simu inafaa kwa kuulizana "uko muzima?" Mambo ya mbao yanataka karatasi.

Vipande ni vinne, vyote nimeviandika namba kwa kalamu ya risasi. Namba moja ni mguu wa dawati la shule niliyoiongoza miaka kumi na tisa, ambayo iliniachia jina la Mama Direktrisi. Ni mkaratusi, na umebeba makalio ya vizazi vitatu vya watoto watundu. Namba mbili ni ubavu wa mashua ya Mahmudu iliyokufa mwaka jana. Mti wake hata yeye haujui, maana aliinunua ikiwa tayari. Namba tatu ni kipande cha kizingiti cha mlango wa babu yako kule Fizi, mlimani. Hiyo ni muninga, na babu yako aliiweka kabla mimi sijaanza darasa la kwanza. Nilipoikata msumeno ulitoa unga mwekundu wenye harufu nzuri, nikakaa kitako kidogo nikamkumbuka.

Namba nne ni muvula, kutoka Lweba. Nimeifunga katika plastiki mbili kama ulivyoagiza.

Nikitaja Lweba, nyumba yetu ya uzazi inaendelea vizuri. Tangu tuifungue Desemba iliyopita, mkunga wetu Félicité amepokea watoto zaidi ya mia moja chini ya paa lile. Unajua nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Sitajisifu, wapo wanaonifanyia kazi hiyo.

Pima vyote kwa haki, na uniandikie unachokiona. Usinifiche kitu kwa sababu mimi ni shangazi yako.

Shangazi Pulchérie

*

Bukavu, tarehe 12 Novemba 2023

Shangazi, jambo sana,

Nimepokea mzigo wote, na samaki wakavu uliowaweka juu yake. Kwa hiyo kipande namba mbili kimeingia maabara kikinuka mikeke, na wenzangu wameniuliza kama kwetu tunajenga kwa mbao au kwa mboga. Asante sana. Mimi ni mzima. Bukavu ni baridi, na nyumba za mtaa wetu zimepandana mlimani hivi kwamba jirani wa juu akimwaga maji, sisi wa chini tunafungua mwavuli.

Najua unapenda kujua kazi inafanyikaje, basi nakueleza. Tunapima uzito wa kipande jinsi kilivyofika. Kisha tunakiweka katika tanuri la umeme lenye joto la digrii mia moja na tatu, tunakitoa, tunapima, tunakirudisha, hadi uzito uache kupungua. Kilichopungua ni maji. Ukiyagawanya maji hayo kwa uzito wa mti mkavu unapata namba. Tatizo ni kwamba umeme ukikatika usiku tanuri linapoa, na asubuhi tunaanza upya. Kipande cha babu kimekaa tanurini mara tatu. Ametuvumilia.

Namba moja ina maji asilimia kumi na tatu. Hiyo ni mbao kavu, imezoea hewa ya kwetu. Namba mbili ilikuwa na zaidi, lakini mashua ndivyo ilivyo. Namba tatu ina kumi na mbili, na tulipoikunja kwa mashine ili tuone itavunjika lini, mwalimu wetu aliita darasa zima lije kutazama. Alisema mbao kama hiyo sasa anaiona vitabuni tu.

Namba nne bado tunaishughulikia.

Shangazi, kwa ajili ya kujaza fomu, ningependa kujua: hiyo namba nne ni ya nyumba gani hasa pale Lweba? Ilikatwa sehemu gani ya paa? Mbao zake zilikaa muda gani tangu mti kuangushwa hadi kupandishwa juu? Na je, watu wanalala humo? Ni maswali ya fomu tu.

Nisalimie baba ukionana naye. Sijampigia muda, nikimpigia ananiuliza nimesoma sura gani ya Biblia, nami ninakuwa nimesoma sura ya gundi.

Mwanao, Wilfried

*

Baraka, tarehe 3 Desemba 2023

Mwanangu,

Barua yako ilikaa Uvira siku tisa kwa sababu ya mawimbi, lakini imefika bila kulowa. Sisi wazima. Kwaya ya akina mama inafanya mazoezi ya Noeli, na mimi nimeondolewa sauti ya kwanza kwa heshima kubwa, nikawekwa karibu na ngoma.

Nimefurahi kuhusu kizingiti cha babu yako. Nimesoma maneno ya mwalimu wako mara mbili kwa sauti, na mara ya pili nilikuwa peke yangu.

Umeuliza mambo ya fomu. Kabla ya hapo kuna jambo ambalo chuo hakitakufundisha, kwa sababu ni la pwani ya ziwa letu tu. Kwetu, ukitafuta fundi bora wa mbao, unapelekwa kwa fundi wa mashua, na hakuna anayeona ajabu. Atakayekuzuia usizame katikati ya Tanganyika atashindwaje kukuwekea paa? Kwa hiyo anakuja na ujuzi wake wa majini. Fundi wa mashua hasumbuki sana na ubao mbichi. Anajua ubao wake utaishi ndani ya maji, na kule maji yanaufanya uvimbe, maungo yanabanana. Kisha anaupaka mafuta machafu ya injini, meusi kama usiku, na ubao unang'aa, na wadudu wanaukimbia. Ndivyo tulivyokuta, na mashua zinaelea.

Kassimu wa Lweba ndiye fundi wa mashua anayeaminiwa kuliko wote upande huu. Ndiye aliyetujengea nyumba ya uzazi. Ni mtu wa maneno machache na msumeno mwepesi.

Ile sherehe ya kufungua nyumba hukuiona, ulikuwa katika mitihani. Wageni walikuja kutoka Uvira kwa mashua mbili. Tarehe ilikuwa imepangwa tangu mwezi wa tisa na barua zilikuwa zimetumwa. Mabati yaling'aa hata Mahmudu akasema aliyaona akiwa katikati ya ziwa. Walinikalisha kiti cha mbele. Nilivaa kitenge cha njano.

Juma lililopita nilipita kumsalimia Félicité. Alinipokea kwa mzaha wake: "Mama, paa yetu iko inaongea kushinda bagonjwa! Jua likitoka, krii. Jua likienda, krii. Bamama banasema ni babu anatubariki."

Nikamwambia kila paa la mabati hulia kwa joto. Ni kweli, unajua. Chuma hutanuka.

Ile fomu yako, andika tu "nyumba ya watu".

Shangazi Pulchérie

*

Bukavu, tarehe 14 Januari 2024

Shangazi mpendwa,

Mwaka mpya uwe wa amani kwako. Mimi mzima. Noeli nilisherehekea hapa Bukavu na wenzangu watatu. Tulipika sombe, ikaungua, tukaila.

Nimekupigia simu mara nne tangu mwaka uanze. Iliita hadi mwisho. Labda ulikuwa kwaya.

Kuhusu namba nne. Mashine zetu si mpya, na umeme unatusumbua, kwa hiyo namba tunazopata tunazichukua kwa tahadhari. Pia naona kutoka kwenye rangi ya jua na alama za mvua kwamba kipande kilikatwa kwenye ncha ya boriti, ile inayotokeza nje ya ukuta. Ncha hunyeshewa, kwa hiyo si haki kuihukumu nyumba nzima kwa ncha. Mwalimu wetu anasema ingefaa kupata kipande kidogo kutoka katikati, juu ya mahali watu wanapokaa au kulala. Kingetosha hata cha ukubwa wa kiberiti.

Ukimwomba Kassimu atapanda dakika kumi tu.

Nimechoka kuandika "nyumba ya watu", Shangazi. Lakini nimeandika kama ulivyosema.

Wilfried

*

Baraka, tarehe 11 Februari 2024

Mwanangu Wilfried,

Barua yako nimeipata. Mvua ni nyingi. Mto Mutambala umejaa, magari hayavuki. Goti linauma. Mahmudu anakusalimu. Mihogo ya upande wa chini imeoza ardhini, ya juu ni salama.

Soma kwa bidii.

Shangazi Pulchérie

*

Bukavu, tarehe 3 Machi 2024

Shangazi,

Naomba afya yako iwe nzuri, na goti lipate nafuu. Baba alinipigia juzi, ni mzima, anajiandaa kwa Pasaka. Leo salamu zangu zinaishia hapa. Nisamehe. Ni mara yangu ya kwanza kukufupishia.

Namba nne ina maji asilimia thelathini na moja. Mashine haikukosea. Nilipima mara nne, na nimeijua namba hiyo tangu tarehe 9 Novemba, siku tatu kabla ya barua yangu ya kwanza. Mbao ikipita ishirini na kuendelea kukaa hivyo, ukungu unaanza kuila kutoka ndani. Tuliichonga vijiti vidogo tukavikunja. Vilivunjika kabla ya kufika nusu ya mzigo ambao muvula unapaswa kubeba. Na havikulia kabla ya kuvunjika, Shangazi. Mbao nzima hulia. Hii ilikatika kama biskuti iliyolowa.

Tulipokwangua mafuta meusi tuliona sababu nyingine. Chini yake mbao si ya kahawia. Ni nyeupe. Ni ile sehemu ya nje ya mti mchanga, yenye sukari ambayo wadudu na ukungu wanaipenda. Moyo wa muvula hudumu miaka mingi, lakini hii haina moyo. Mafuta yalificha rangi, kisha yakafungia maji ndani. Mvua inaingia kwenye nyufa, haina pa kutokea.

Siulizi tena ni nyumba gani. Uliniandikia mwenyewe, kwa karatasi moja, kwamba namba nne inatoka Lweba na kwamba akina mama wanazalia Lweba chini ya paa ulilosimamia. Nilijua siku niliyofungua mzigo. Nadhani na wewe ulijua siku uliyoufunga, ndiyo maana ulinitumia.

Niliogopa kukwambia kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Sasa naona aibu iliyo kubwa kuliko hofu hiyo. Namba ya Félicité ninayo. Nitamngoja dereva afikishe barua hii, na tarehe 25 Machi nitampigia Félicité nimwambie kila kitu, hata kama hutaniita tena mwanao.

Wilfried

*

Lweba, Alhamisi tarehe 28 Machi 2024

Mwanangu Wilfried,

Barua hii Félicité ataipiga picha kwa simu yake na kukutumia sasa hivi. Kwa nini sikungoja mashua, utaelewa mbele. Sisi wazima wote, na akina mama wote wazima. Nimeanza na hilo ili usome mengine ukiwa umekaa.

Barua yako ilinifikia Jumatano ya juma lililopita; Félicité ulipompigia tarehe 25 alikuambia tu kwamba nimeshafika, maana nilimwomba mengine aniachie. Niliisoma nimesimama. Kisha nikapanda pikipiki nikaja Lweba, nikamkuta Kassimu akikwangua mashua. Sikumsalimu vizuri. Nilimwambia achukue ngazi na kisu.

Katika nyumba ya uzazi alisimamisha ngazi kando ya kitanda cha tatu, akapanda, akachomeka kisu kwenye boriti. Kiliingia hadi mpini.

"Iko namna gani?" nikamuuliza kutoka chini.

"Mama Direktrisi, iko kama muhogo ya kuchemsha."

"Yote?"

"Hii, na ile ya pembeni. Ingine iko na nguvu kidogo. Lakini boriti haiangukake peke yake. Inavutaka bandugu yake."

Vitandani walikuwemo akina mama watano, mmoja uchungu umemkamata. Nikamwambia Félicité tuwatoe wote tuwapeleke katika darasa la shule ya jirani.

"Sasa hivi? Mama, huyu iko karibu kabisa!"

"Basi atazalia shuleni. Wengi wamepata mengi shuleni."

Akanitazama, akaona sitanii, akaita wasichana wake. Tuliwabeba juu ya magodoro. Yule mama alizaa mtoto wa kike baada ya saa moja, chini ya ubao uliojaa hesabu za kugawanya, na alipopata pumzi aliuliza kama tumemhamisha kwa sababu hakuleta sabuni.

Watu walijaa uani. Unajua Lweba; godoro likitembea mchana, kijiji kizima kinalifuata. Wakaona kisu, wakaona ile nyama nyeupe ya mbao, na maneno yakaanza. "We Kassimu, fundi gani we? Ulitujengea paa ao ulitutegea mutego?" "Haba bamama bangefia humu!" Kassimu alikuwa amesimama karibu na ngazi, mikono nyuma. Nikatambua kwamba hakukusudia kujibu. Alikuwa amenyamaza hivyo tangu Desemba ya mwaka juzi, kwa heshima yangu, na angeendelea kunyamaza hata kama wangemnyima kazi zote za pwani.

Basi nikasema. Niliongoza shule miaka kumi na tisa, najua kusimama mbele ya watu, lakini siku ile magoti yote mawili yalitabiri mvua. Nilisema: mbao zilipoteremshwa kutoka mlimani, Kassimu alinifuata akaniambia zina maji, zingine ni nyeupe, zirudishwe, na zile nzuri zilale kivulini miezi minne, zimepangwa na vijiti katikati ili hewa ipite. Nilimwambia wageni wanakuja tarehe kumi na nane na barua zimeshatumwa. Alitaka miezi minne. Nilimpa siku kumi na moja.

Mwanamke mmoja mzee akauliza, "Kwa hiyo, Mama, ile siku ya feti ya kufungua nyumba, we ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa naambiwa," nikasema, "na nilikuwa sitaki kujua."

Hapo ndipo Kassimu akafungua mdomo. "Mafuta ni yangu. Haraka ni ya Mama. Mutu asinipunguzie yangu." Wengine wakacheka. Si wote. Yule mama mzee hakucheka, na hajanisalimu mpaka leo. Ana haki.

Tangu siku ile tunashusha paa. Wewe utapenda kujua jinsi ilivyo ndani. Nje mbao ni nyeusi na ngumu kama ngozi ya ng'ombe iliyokaushwa. Ukiipasua inanuka kama udongo wa chini ya gunia, na misumari inatoka kwa vidole. Kila ubao tumeuweka chini uani, na Kassimu ameuchomeka kisu mbele ya watu. Mbao saba ndizo bado nzuri, zile zenye moyo wa kahawia. Mbao mpya zimeshaagizwa. Nimeandika kwa mkono wangu kwamba hazitapanda juu kabla ya wewe kuzipima, na Félicité ameshaniambia kwamba wanawake wa hapa wanasema paa la Mama Direktrisi litachukua mimba ya tembo. Na wangoje. Darasa lina joto, lakini ukuta wake ni wa matofali na juu ni mabati yaliyoshikwa na chuma.

Wewe nawe, kabla sijasonga mbele. Ulijua tarehe 9 Novemba. Mimi nilishuku kabla yako. Miezi minne tumeheshimiana, wewe huko mimi huku, na vichwa vya akina mama vilikuwa katikati. Sikulaumu kuliko ninavyojilaumu. Simu zako nne niliziona. Niliiweka simu kifudifudi mezani, nikakaa nikiitazama mpaka iache kuita. Lakini tusiiite tabia hiyo adabu tena.

Sasa sikiliza. Jana jioni tulipomaliza kupanga mbao uani, Kassimu alizihesabu, kisha akazihesabu tena. Zilizoteremshwa mlimani zilikuwa hamsini. Hapa ziko thelathini na nane. Akaniuliza zingine zilikwenda wapi, na nilipofungua mdomo kumjibu ndipo nilipokumbuka. Kumi na mbili nilizitoa zawadi. Mashua ya Mahmudu ilizipeleka Nundu, zikiwa zimepakwa mafuta, na baba yako akazipandisha juu ya kanisa lake, upande wa mbele, pale kwaya inapokaa.

Nilimpigia usiku huo huo. Nilimwambia yote niliyokuandikia hapa. Alinisikiliza vizuri, kisha akasema, "Dada, acha Pasaka ipite. Jumanne nitapandisha mutu aangalie." Nikamwambia mimi nami niliacha sherehe ipite. Akasema kipande kilichopimwa kilitoka Lweba, hakikutoka Nundu. Kwamba mbao zake hazijalia hata siku moja. Kwamba watu wanatoka mpaka Makobola kuja Jumapili, na hawezi kuwaambia wakae nje kwa sababu ya hofu ya dada yake. Kisha akaniombea.

Kesho ni Ijumaa Kuu. Jumapili kwaya itakuwa na watu arobaini, na watacheza, unajua wanavyocheza.

Baba yako hatanisikia mimi, kwa sababu kwake ni dada yake mkubwa anayezeeka na kuogopa. Aliyeweka mbao ile tanurini ni wewe. Aliyeona ikikatika bila kulia ni wewe. Najua unamwogopa, hata mimi huchagua saa ya kumpigia. Atakukatiza. Atakuuliza unamfundisha nani. Mwache amalize, kisha urudie namba. Usimweleze habari za umeme wala za mashine kuukuu, na usimwambie ni mambo ya fomu. Mwambie asilimia thelathini na moja, mwambie mbao za Nundu zilishuka mlimani siku moja na zile za Lweba, mwambie kwaya ikae uani.

Mpigie baba yako leo.

Shangazi Pulchérie